Antena Isiyotegemea Shaba: Somo kwa Wanaochagua Mradi wa Mwaka wa Mwisho

Tukifika kwenye mradi wa mwisho, wengi wetu wa mawasiliano tunakimbilia antena ya kipande cha shaba, maana ndiyo tuliyofundishwa. Kwa 2.4 GHz haina neno. Lakini ukipanda hadi 28 GHz, mojawapo ya bendi za 5G, shaba inaanza kukudai. Mkondo hupita juujuu tu ya metali: kwa 1 GHz hutumia unene wa takriban maikromita 2, kwa 28 GHz ni 0.4 tu. Njia ikishakuwa nyembamba hivyo, nguvu nyingi inaishia kuwa joto.

Dawa mojawapo ni antena ya resoneta ya dielektriki. Ni kipande cha seramiki kinachokaa juu ya bamba la metali. Wimbi linasimama ndani yake, kisha linavuja hewani. Richtmyer alieleza mwaka 1939 kwamba kipande cha namna hiyo lazima kivujishe mawimbi. Mwaka 1983, Long, McAllister na Shen wakachapisha kazi yao juu ya umbo la mcheduara likitumika kama antena.

Sasa tupige hesabu. Kwa 28 GHz, urefu wa wimbi hewani ni mm 10.7. Ndani ya seramiki yenye permitiviti 10, gawanya kwa kipeuo cha pili cha 10, unapata mm 3.4. Fomula ya kawaida ya mcheduara inatoa nusu kipenyo cha mm 2 na kimo cha mm 1. Ni kama punje ya adesi.

Hapo wengi hushawishika: si tupandishe permitiviti ili iwe ndogo zaidi? Subiri kwanza. Ufanisi wa kipande chenyewe ni 1 ÷ (1 + Q × tan δ), ambapo Q ni ya mnururisho na tan δ ni upotevu wa seramiki. Chukua tan δ ya 0.001. Q ikiwa 6, ufanisi ni asilimia 99. Permitiviti ikipanda sana hadi Q ifike 200, unashuka hadi 83, ingawa upotevu wa seramiki haujabadilika. Nguvu imekaa ndani muda mrefu mno, na bendi nayo imebana.

Kuilisha, mimi napendelea mwanya mwembamba kwenye bamba, juu ya njia ya maikrostripu, kwa sababu hauhitaji kutoboa seramiki. Ila gundi iwe nyembamba sana. Hata utando wa hewa chini ya kipande unahamisha masafa.

Kingine ni vipimo. Kwa mfano wetu, kosa la mm 0.1 kwenye nusu kipenyo linahamisha masafa takriban 0.5 GHz. Kosa hilohilo kwenye kimo linahamisha zaidi ya 1 GHz. Kwa hiyo, kabla hujafungua programu ya simulesheni, nenda karakana ukaulize: mashine yenu inakata kwa usahihi kiasi gani? Jibu likiwa mm 0.1, shuka hadi masafa ya chini, kama 5 GHz, ambako kosa hilo halikuumizi. Mradi unaopimika una thamani kuliko grafu nzuri isiyojengeka.