Sauti Ikishakuwa Namba

Kabla ngoma haijaanza, huwashwa moto. Ndivyo ilivyo Mahege, katika Wilaya ya Kibiti, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Pwani ambako ngoma za ngozi zingali zinapigwa. Mpigaji huuelekeza uso wa ngoma kwenye moto wa makuti, akaugonga kwa ncha za vidole, akasikiliza, akausogeza karibu kidogo, akagonga tena. Moto ukiwa hafifu, sauti hubaki imelegea. Ukizidi, ngozi hupasuka. Hakuna kipimo anachokitazama. Hutegemea sikio lake, na sikio hilo ni sehemu ya kile ambacho watu hukiita kipaji.

Siku hizi kijana aliyeketi mbele ya kompyuta anaweza kuikaza au kuilegeza sauti ya ngoma ambayo hajapata kuigusa. Je, naye ana kipaji? Ili tulijibu swali hilo kwa utulivu, tuanze na lililo dogo zaidi: sauti ni nini?

Sauti ni mtikisiko unaosafiri. Ngozi ya ngoma ikipigwa hubonyea ndani, hurudi, huvimba nje, kisha hurudi tena. Inapovimba huibana hewa iliyo mbele yake. Inapobonyea huipa hewa hiyo nafasi. Kubana na kuachia huko hupokezanwa hewani kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde, mpaka kufika kwenye kiwambo cha sikio, ambacho nacho ni utando mwembamba uliowambwa.

Idadi ya mitikisiko kamili katika sekunde moja huitwa marudio, na kizio chake ni hezi. Marudio yakiwa mengi tunasikia sauti nyembamba. Yakiwa machache tunasikia sauti nzito. Uwembamba au uzito huo tutauita kimo cha sauti. Sasa kazi ya moto inaeleweka: joto hupunguza unyevu wa ngozi, ngozi hukaza, na ngozi iliyokaza hurudi upesi zaidi. Marudio yanaongezeka, na kimo kinapanda.

Tuipeleke sauti hiyo kwenye kompyuta. Kompyuta haiwezi kuhifadhi mtikisiko wenyewe. Huhifadhi namba tu. Kwa hiyo maikrofoni hugeuza msukumo wa hewa kuwa umeme, na kifaa kingine huupima umeme huo mara nyingi katika kila sekunde. Kila kipimo huandikwa kama namba, nacho huitwa sampuli. Muziki wa CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, huwa na sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia.

Kwa nini nyingi hivyo? Sikio la binadamu husikia hadi hezi 20,000 hivi, na kila mtikisiko una kupanda na kushuka. Ili usipotee, ni lazima upimwe zaidi ya mara mbili. Mara mbili ya 20,000 ni 40,000, na inayobaki ni akiba. Kwa hesabu hiyo, dakika moja ya ngoma ni safu ya namba 2,646,000 kwa kila upande. Hiyo ndiyo maana ya sauti ya dijitali: sauti iliyoandikwa kwa tarakimu. Na namba, tofauti na ngozi, hubadilishwa kwa hesabu. Tutazame mabadiliko mawili.

La kwanza ni mwendo. Safu ileile ikisomwa kwa kasi maradufu, wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unakuwa wa mapigo 200. Marudio nayo yanaongezeka maradufu, hata sauti ya mtu mzima ikakaribia ya mtoto. Singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, umejengwa juu ya jambo hili. Vijana walikata vipande vya taarabu, wakaviharakisha, wakavirudiarudia, na mghani, aitwaye MC, akaghani juu yake. Mapigo ya singeli huvuka 200 kwa dakika, yaani zaidi ya matatu katika kila sekunde. Mkono wa mpiga ngoma ungechoka, namba hazichoki. Mwaka 2017 lebo ya Uganda, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa *Sounds of Sisso* kutoka studio ya Sisso iliyopo Mburahati, na singeli ikapata wasikilizaji Ulaya.

La pili ni kusahihisha kimo. Tuseme mwimbaji ameshika hezi 210, na wimbo unadai 220. Kompyuta huchukua nakala ya safu ya namba, huisogeza taratibu kando ya safu yenyewe, na kutafuta mahali zinapolingana. Katika mfano huu zitalingana kila baada ya namba 210, kwa kuwa 44,100 ukigawa kwa 210 unapata 210. Kimo kikishajulikana, programu hukipandisha hadi 220. Njia hii ilitokana na kazi ya Andy Hildebrand wa Marekani, mhandisi aliyekuwa akichambua mawimbi yanayopita ardhini katika utafutaji wa mafuta. Programu yake, Auto-Tune, ilitoka mwaka 1997, na mwaka uliofuata wimbo wa Cher, *Believe*, ukaufanya mlio wa programu hiyo ujulikane duniani.

Sasa turudi kwenye kipaji. Tulilolizoea kwa jina hilo moja lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutenda: kushika mwendo na kufikia kimo. Ya pili ni kuamua: mwendo upi, kimo kipi, na wakati gani. Zamani zote mbili ziliishi katika mwili wa mtu mmoja, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kuzitenganisha. Kompyuta imezitenganisha, kwa sababu kutenda hupimika, na kinachopimika huandikwa kwa namba.

Kuamua hakukuingia kwenye safu ile. Katika mfano wetu, programu haikujua kuwa 210 ni kosa. Kuna mtu aliyeiambia kuwa wimbo unadai 220. Mwimbaji wa taarabu huteleza kati ya vimo viwili kwa makusudi, na utelezi huo ndio unaobeba majonzi. Programu ikiachwa peke yake itaunyoosha kama inavyonyoosha kosa. Vivyo hivyo, sekunde mbili za kinanda cha taarabu zilizokatwa kwa ajili ya singeli zilichaguliwa na mtu kutoka katika dakika nyingi, na kabla yake zilipigwa na mtu mwingine, ambaye naye ana sehemu yake katika sanaa hiyo.

Kwa hiyo kijana wa kompyuta hupimwa kwa kipimo kilekile cha mpigaji wa Mahege. Moto nao hubadili marudio, wala hakuna anayemlaumu mpigaji kwa kuutumia. Watu husikiliza kama amejua wakati wa kuiondoa ngoma motoni.