KITARO, AU WOGA USIOMSHITAKI MTU



Juma iliyopita, katika nyumba ya kulala, wenzetu wa darasa la nne walikuwa wanaangalia kwenye telefone filamu ya kuchorwa ya Japani, yenyi maneno ya Kifaransa chini. Mmoja akaona jicho lenyi mikono na miguu likioga ndani ya bakuli ya chai, akapiga kelele: « Hii ni ulozi! » Akamuonyesha kidole mwenyi telefone, kidogo tu wapigane. Sisi wa darasa la sita tuliitwa kuwatenganisha. Kiisha tukasema, heri tuandike hapa ile tunayojua juu ya filamu hiyo.

Jina yake ni GeGeGe no Kitaro. Kitaro ni mtoto wa mwisho wa kabila la mizimu, mwenyi jicho moja. Lile jicho la ndani ya bakuli ni baba yake: mwili wote ulioza, likabakia jicho ili limulinde mtoto. Watu wenyi shida wanamuandikia Kitaro barua, naye anakuja kusimama kati ya watu na yokai. Yokai ni viumbe vya hadithi za wazee wa Japani. Televizyo ya kule ilianza kuionyesha mwezi wa kwanza 1968, na imetengenezwa upya mara tano, mara ya mwisho 2018.

Mwenyi kuiandika ni Mizuki Shigeru, aliyezaliwa 1922 na kukomalia Sakaiminato, mji wa bandari. Kwao alikuwa anafika mama mzee mmoja maskini, watoto walimuita Nonnonba. Yule mama alimuonyesha madoa ya dari na kusema: kuna yokai mwenyi kulamba dari usiku, ndiye anayaacha. Toka siku ile mtoto hakulala bila kuangalia juu! Maneno ya mama huyo hayakuwa na bei kwa mtu. Lakini Mizuki alipokuwa mzee alichora kitabu kizima juu yake, na mwaka 2007 kilipata zawadi ya kwanza kule Angoulême, Ufaransa.

Wakati wa vita alipelekwa askari upande wa Rabaul, katika kisiwa cha New Britain. Bomu lilimukata mkono wa kushoto. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja, akikimbia peke yake porini, alifikia kitu kama ukuta, hakuweza kwenda mbele wala pembeni. Alikaa chini kupumzika, na ukuta ukapotea. Nyuma alikumbuka jina: Nurikabe. Wavuvi na watu wa pwani ya Fukuoka walikuwa wanamjua zamani, na dawa yao ilikuwa kupiga chini ya ukuta kwa fimbo. Ukipiga juu haisaidii kitu.

Mwalimu mmoja wa mila, Yanagita Kunio, alikuwa amekusanya majina kama hayo vijijini, kwa mistari michache tu. Mizuki akayapa sura. Kila moja ina kwao: mzee mwenyi kulia kama mtoto mchanga, ambaye ukimubeba anakuwa mzito mpaka ufe, ni wa milima ya Tokushima. Kitambaa chenyi kuruka usiku, urefu karibu metre 10, ni cha Kagoshima. (Yule mwenyi kutuchekesha zaidi ni Nezumi Otoko, nusu mtu nusu yokai, anayeuza rafiki zake kwa pesa. Wa namna hii hawahitaji kutoka Japani.)

Sasa, ni ulozi? Angalieni vizuri. Nurikabe si shangazi ya mtu. Mwenyi kulamba dari si jirani. Woga wa usiku umepewa jina na sura, na hakuna mtu anayefukuzwa juu yake. Kwetu, neno « mlozi » linaangukia mtu, na mara nyingi mtoto. Katika miji yetu wako watoto wanaolala inje juu ya neno hilo. Ndiyo maana kile kidole cha darasa la nne kilitusumbua kuliko jicho la ndani ya bakuli.

Ndugu mwenyi kupiga kelele amemuomba mwenzake masamaha. Halafu, bila kutumwa na mtu, aliuliza tate yake juu ya kitu chenyi kuita watu kwenye mto wa kwao, akaleta kurasa mbili. Stensili zikipatikana, tutazipiga katika toleo lijalo.