Talaka ya karatasi na mwanamke aliyetundikwa

Hapa Mwanza jambo hili si geni. Mume anafuata dagaa visiwani, Ukerewe au Kome, anakaa miezi, kisha mkewe aliyebaki Kirumba anapokea karatasi ya daftari yenye mstari mmoja wa talaka. Anakaa eda, inakwisha, anaposwa, na sheikh wa mtaa anamuozesha. Kwa upande wa dini hana tatizo.

Kwa upande wa serikali, yeye bado ni mke wa yule mvuvi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiitambui talaka iliyotolewa hapa Bara mpaka mahakama itoe amri, na inamkataza mwanamke mwenye ndoa kufunga nyingine. Kwa hiyo ndoa yake ya pili ni batili. Huyo mume wa pili akifariki (na ziwa hili haliagi mtu, tuliyaona Ukara Septemba 2018 ilipozama MV Nyerere), shemeji wanaweza kwenda mahakamani na hati ya ndoa ya kwanza, bibi akanyimwa mirathi. Qur-aan, Suratun-Nisaa aya ya 129, inakataza mke kuachwa akiwa kama aliyetundikwa. Huyu katundikwa baina ya msikiti na mahakama.

Wako wasemao: ndoa ni ibada, serikali inatafuta nini humo? Hoja hii ina mzizi. Mahakama za Kadhi za Bara ziliondolewa baada ya uhuru, ilhali Zanzibar zipo hadi leo. Kadhi Mkuu aliyewekwa na BAKWATA mwaka 2012 hakupewa nguvu ya dola. Madai hayo ni ya haki na tuendelee nayo. Lakini katika kungoja huko serikali haipati hasara yoyote. Anayeumia ni mama huyu.

Tena tuisome sheria yenyewe kabla ya kuikimbia. Kifungu cha 107(3) kinahusu ndoa za Kiislamu: Baraza la usuluhishi likithibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, kisha mmoja wao akafanya tendo linalovunja ndoa kisheria ya Kiislamu, mahakama itatoa amri ya talaka. Suluhu kwanza, talaka baadaye. Suratun-Nisaa aya ya 35 nayo inaagiza wasuluhishi kutoka pande mbili. Anayeuvuruga mpangilio ni mume anayeanza na karatasi.

Nasi tunaoozesha tumuulize mtalaka amri ya mahakama. Ajabu, mahari huulizwa mpaka shilingi ya mwisho.

Bibi mwenye karatasi mkononi asingoje mume arudi kutoka kisiwani. Aende Baraza la BAKWATA. Mume akiitwa akakataa kutokea, hilo halimzuii kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Na ile karatasi ya daftari asiichane, ndiyo ushahidi wake.