KABLA HUJAUZA KAMSHAFTI YA INJINI YA TABO, ULIZA MASWALI HAYA MATANO

Wanaouza spea mtandaoni somo hili linawahusu moja kwa moja. Unayeuza vitu vingine soma tu, mwishoni utaona la kwako.

Niko Tangini, Kibaha. Sikusomea ufundi, nilimaliza fomu foo nikaanza kuuza spea kwa simu. Mzigo nachukua Gerezani, Kariakoo, mteja wa mkoani namtumia kwa basi. Mwaka wangu wa kwanza kuna kaka wa Morogoro akaniandikia: "Nataka kamshafti za 1JZ tabo, kubwa kuliko zilizopo." Nikamjibu zipo. Sikuuliza kitu. Nikachukua hela, nikatuma.

Siku ya tatu akanipigia fundi wake. Injini yao ilikuwa na VVT-i, mimi nimetuma za injini ya zamani. Ya kuingiza hewa haikai. Nikarudisha hela yote, nikalipa nauli ya mzigo kwenda na kurudi, na fundi nikamlipa muda wake. Faida ya mwezi mzima ikaondoka hivyo. Tangu siku hiyo mteja hapati bei kwangu kabla hajajibu maswali.

KWANZA, ELEWA UNACHOUZA

Kamshafti ni ule mti wenye nundu za umbo la yai. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Nundu ikisukuma, valvu inafunguka. Nundu ikipita, springi inaifunga. Kwenye 1JZ na 2JZ za tabo, zile sita za mstari mmoja, kamshafti ni mbili: moja ya valvu za kuingiza hewa, nyingine ya kutolea moshi. Kila moja ina nundu 12.

Mteja akisema "kubwa" anamaanisha vitu viwili. Kimoja ni valvu inafunguka kwa urefu gani, inapimwa kwa milimita. Cha pili ni inakaa wazi kwa muda gani, inapimwa kwa digrii za krenki. Ndiyo maana unaona zimeandikwa 264 au 272.

KWA NINI KUBWA SIYO NZURI ZAIDI

Hapa ndipo wauzaji wengi tunadanganya bila kujua. Valvu ikikaa wazi muda mrefu, mara nyingi kuna kipindi kirefu zaidi ambacho ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi pamoja. Injini isiyo na tabo ikiwa kwenye mzunguko mkubwa inafaidika hapo, moshi unaotoka unavuta hewa mpya nyuma yake.

Kwenye tabo mambo ni tofauti. Moshi hautoki bure, lazima upite kwenye tabo kwanza. Tabo ikiwa ndogo na imesukumwa sana, moshi unabanana njiani, na presha yake inaweza kuzidi presha ya hewa inayoingia. Ukiziacha valvu zote mbili wazi muda mrefu, moshi unarudi ndani ya silinda. Mteja amelipa hela ndefu, na gari imekuwa nzito kuliko jana.

Halafu kamshafti kubwa inahamishia nguvu juu, kwenye mzunguko mkubwa. Gari ya kutoka Kibaha kwenda mjini na foleni ya Kimara inahitaji nguvu ya chini. Mtu wa hivyo mwenye tabo ya kiwandani mwambie ukweli: abaki na kamshafti za kiwandani zikiwa nzima. Aliyefunga tabo kubwa zaidi na mafuta yameongezwa, 264 ni pa kuanzia. 272 ni ya mtu mwenye tabo kubwa kweli, springi ngumu za valvu, na fundi wa kupanga upya kompyuta ya gari.

MASWALI MATANO

1. Injini ni ipi hasa? "Mark II ya 2500" siyo jibu. 1JZ-GE haina tabo, 1JZ-FSE ile ya D4 haina tabo, 1JZ-GTE ndiyo yenye tabo. Hiyo T ndiyo tabo. Omba picha ya kibati ndani ya boneti.

2. Ina VVT-i au haina? 1JZ-GTE ilianza kupata VVT-i mwaka 1996, 2JZ-GTE mwaka 1997. Lakini usiamini mwaka wa gari peke yake, magari mengi yameshabadilishwa injini. Kadi inasema hivi, boneti inasema vile. Omba picha ya mbele ya injini, kava la mkanda likiwa limefunguliwa.

3. Tabo ni ya kiwandani au imebadilishwa?

4. Gari inafanya kazi gani? Mjini, safari ndefu, au mashindano?

5. Nani anafunga? Kamshafti ndefu zaidi inaweza kufanya valvu igonge pistoni. Fundi lazima apime nafasi hiyo, na klirensi za valvu zipangwe upya. Kama fundi hajui hilo, usiuze.

Wenye Land Cruiser nao wana mtego wao. 1HZ na 1HD-T zote ni sita za mstari mmoja, zote cc 4164. Lakini 1HZ ilitoka kiwandani bila tabo, na wengi wameifungia wenyewe. Mteja akikwambia "4.2 ya tabo" bado hujajua kitu. Rudi swali la kwanza.

UKIUZA YA MTUMBA

Pima nundu zote 12 kwa venia, moja moja. Iliyo fupi kuliko wenzake imelika. Angalia vishimo juu ya nundu na mikwaruzo pale inapokalia. Piga picha za vipimo, mtumie mteja kabla hajalipa.

UJUMBE WA KUNAKILI

"Asante kaka kwa kunitafuta. Kabla sijakupa bei naomba picha ya kibati cha injini, picha ya mbele ya injini, na uniambie tabo ni ya kiwandani au imebadilishwa. Nataka upate kitu kinachoingia mara moja."

Wengine watakukimbia, watasema una maswali mengi. Waache. Yule wa Morogoro baada ya kurudishiwa hela yake alirudi, na mpaka leo analeta wenzake.

Kwako unayeuza viatu, simu au vipuri vya cherehani, ni hivyo hivyo. Mteja anajua jina la kitu. Kazi yako ni kujua kinaenda kukaa wapi.

Hifadhi somo hili, na mtumie mwenzako anayeuza spea.