Usalama wa Nani? Mitazamo ya Kifeministi na ya Tabianchi katika Sera ya Mambo ya Nje ya Ulaya

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anaposikia sera ya mambo ya nje ya Ulaya ikitajwa, huenda akadhani kuwa mada hiyo ni ya wenzake wa Sayansi ya Siasa. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Tangu miaka ya 1990, mjadala kuhusu namna Ulaya inavyohusiana na ulimwengu umekuwa, kwa kiasi kikubwa, mjadala wa maana ya neno moja: usalama. Wafeministi huuliza ni nani anayelindwa. Watetezi wa mazingira huuliza analindwa dhidi ya nini. Wataalamu wa usalama wa jadi nao hujibu kwamba anayelindwa ni dola, na adui ni jeshi la dola jingine. Maswali haya ni ya kisemantiki kabla ya kuwa ya kisiasa, lakini majibu yake ndiyo yanayoamua fedha zipelekwe wapi na mipaka ifungwe mbele ya nani.

Neno na maana zake

Usalama ni nomino iliyojengwa juu ya mzizi wa Kiarabu uliotupa pia salama, salimu na salimisha. Katika Kiswahili neno hili ni pana mno. Tunasema usalama barabarani, maafisa wa usalama, Baraza la Usalama, na tunapojuliana hali asubuhi jibu letu ni lilo hilo: salama. Kiingereza kina maneno mawili hapa, moja la kuepukana na ajali na jingine la kujikinga na adui. Kijerumani kinafanana na Kiswahili, kwani neno Sicherheit hubeba dhana zote mbili na hata ile ya kuwa na yakini. Anayejibu salama anazungumzia mwili wake, watu wa nyumbani mwake na riziki yake. Mpaka wa nchi haumo akilini mwake. Kwa hakika, maana hii ya maamkizi iko karibu zaidi na ile wanayoipigania wafeministi kuliko maana iliyomo katika nyaraka nyingi za Brussels.

Kusema ni kutenda

Wasomaji wa jarida hili waliosoma pragmatiki wanaifahamu nadharia ya J. L. Austin, iliyochapishwa katika kitabu mwaka 1962, kwamba kuna usemi ambao wenyewe ni tendo. Kadhi anapotamka kuwa fulani na fulani ni mume na mke, hatoi habari, bali anafungisha ndoa. Kundi la wataalamu lililojulikana kwa jina la mji wa Copenhagen liliichukua nadharia hii na kuihamishia katika siasa za kimataifa. Barry Buzan, Ole Wæver na Jaap de Wilde (1998) walidai kwamba jambo haliwi la usalama kwa sababu ya hatari yake pekee. Huwa la usalama pale mtu mwenye mamlaka anapolitamka hivyo mbele ya hadhira inayomkubali. Likishatamkwa, hutolewa katika uwanja wa siasa za kawaida na kuruhusiwa hatua ambazo vinginevyo zisingekubalika. Tunaweza kuliita tendo hili usalamishaji, ingawa msomaji atahadhari asilichanganye na kusalimisha, ambako ni kukabidhi au kujitoa kwa mshindi. (Ukaribu huo wa maana una kejeli yake, kwani wananchi wengi husalimisha haki zao pindi jambo linaposalamishwa.)

Hoja nzito zaidi dhidi ya nadharia hii ilitoka mjini humo humo. Lene Hansen (2000) aliuliza: ikiwa usalama hutegemea kusema, je, asiyeweza kusema? Alitoa mfano wa wanawake wa Pakistan wanaouawa kwa kisingizio cha heshima ya ukoo. Kwa mwanamke kama huyo, kulitaja tishio linalomkabili ndiko kunakolileta. Atanyamaza, na nadharia itamhesabu kuwa hana tatizo la usalama. Mwandishi wa makala haya anaiona hoja hiyo kuwa ndiyo kiini cha mtazamo wa kifeministi, kuliko hata madai ya idadi ya wanawake katika ofisi za ubalozi.

Kabla ya Hansen, Carol Cohn (1987) alikuwa amechunguza lugha ya wataalamu wa silaha za nyuklia nchini Marekani. Aliwakuta wakizungumzia mabomu safi, na mauaji ya halaiki yakiwa yamevishwa majina baridi ya kiufundi. Alipojifunza lugha hiyo ili aweze kujadiliana nao, aligundua kwamba haina maneno ya kuzungumzia watu watakaokufa. Aliyetaka kusikilizwa alilazimika kusema kwa lugha isiyoweza kubeba alichotaka kusema. Mhadhiri yeyote wa uchanganuzi wa usemi angefaidika kuitumia makala hiyo darasani.

Uswidi: kuinuka na kuanguka kwa jina

Mwezi Oktoba 2014 Margot Wallström, waziri wa mambo ya nje wa Uswidi, alitangaza kuwa nchi yake ingefuata sera ya nje ya kifeministi. Ilikuwa ya kwanza duniani kujiita hivyo. Nguzo zake zilikuwa tatu: haki, uwakilishi na rasilimali. Ikumbukwe hata hivyo kwamba msingi wa fikra hizo haukuwa wa Ulaya peke yake. Azimio nambari 1325 la Baraza la Usalama kuhusu wanawake, amani na usalama lilipitishwa tarehe 31 Oktoba 2000, Namibia ikiwa mwenyekiti wa Baraza, baada ya tamko lililotolewa Windhoek mwezi Mei mwaka huo.

Mtihani haukuchelewa. Mapema mwaka 2015 Wallström aliikosoa Saudi Arabia kwa adhabu ya viboko aliyohukumiwa mwanablogu Raif Badawi. Mwezi Machi alizuiwa kuhutubia mkutano wa Umoja wa Nchi za Kiarabu mjini Cairo, Uswidi ikaacha kuuhuisha mkataba wake wa ushirikiano wa kijeshi na Saudi Arabia, na balozi wa Saudia akaitwa nyumbani. Wakuu wa makampuni makubwa ya Uswidi walikuwa wametaka mkataba huo udumishwe. Hapa sera ilikuwa na gharama, na gharama ililipwa. Lakini mwaka huo huo kampuni ya Saab ilipata oda ya ndege za uchunguzi wa kijeshi kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, na biashara ya silaha kwa jumla iliendelea. Ufeministi wa Uswidi ulifika hadi mlangoni mwa kiwanda cha silaha, ukabisha hodi, haukuingia.

Nchi nyingine zilifuata: Ufaransa ikatangaza diplomasia ya kifeministi mwaka 2019, Uhispania mwaka 2021, na Ujerumani, chini ya Annalena Baerbock, ikachapisha mwongozo wake tarehe 1 Machi 2023. Kufikia wakati huo Uswidi yenyewe ilikuwa imekwisha kulitupa jina hilo. Mwezi Oktoba 2022 waziri mpya, Tobias Billström, alieleza kuwa lebo hufunika yaliyomo. Mwezi Machi 2024 nchi hiyo ikajiunga na NATO. Nchini Ujerumani nako, baada ya Baerbock kuondoka mwezi Mei 2025, mrithi wake Johann Wadephul hakuendelea na jina hilo.

Hapana shaka kwamba uvamizi wa Urusi nchini Ukraine mwezi Februari 2022 ndio ulioharakisha mambo. Wafeministi wenyewe waligawanyika. Baadhi walishikilia kwamba silaha haziwezi kuleta amani ya kifeministi. Wenzao wa Ukraine walijibu kuwa mwanamke aliye chini ya jeshi la uvamizi hana haki yoyote ya kuzungumzia. Mwongozo wa Ujerumani ulitamka wazi kuwa sera ya kifeministi si sawa na kukataa vita kwa kila hali. Mwandishi anaona kuwa jibu la wanawake wa Ukraine lina uzito zaidi, kwa sababu ni wao waliokuwa wakizungumzia miili yao wenyewe. Na huko ndiko Hansen alikotuelekeza.

Joto kama adui

Mtazamo wa tabianchi uliingia katika nyaraka za Ulaya kwa njia ya usalamishaji hasa. Mwezi Machi 2008 Javier Solana, aliyekuwa Mwakilishi Mkuu wa Umoja wa Ulaya, pamoja na Halmashauri ya Ulaya, waliwasilisha waraka ulioyaita mabadiliko ya tabianchi kitu kinachozidisha vitisho vilivyopo. Sitiari hiyo ya kihesabu ni ya kuvutia, ila ina hila: kinachozidishwa lazima kiwe kipo, nacho, katika usomaji wa wengi, kipo kwingine, katika nchi dhaifu za Kusini. Ulaya iliyotoa moshi kwa zaidi ya karne moja hujikuta upande wa anayetishwa. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye mkimbizi wa ukame kuitwa hatari.

Lugha ya maji hukamilisha kazi hiyo. Wahamiaji huitwa wimbi, mafuriko, mmiminiko. Mwezi Oktoba 2022, mjini Bruges, Josep Borrell aliilinganisha Ulaya na bustani na sehemu kubwa ya dunia na pori linaloweza kuivamia; alilaumiwa sana, akalazimika kutoa maelezo. Wala tusijitoe sisi wenyewe. Serikali ya Kenya ilipotangaza mwaka 2016 kuifunga kambi ya Dadaab kwa sababu za usalama, tendo la usemi lilikuwa lile lile. Tofauti ni kwamba mwezi Februari 2017 Mahakama Kuu ililibatilisha.

Seema Arora-Jonsson (2011), akiwa Uswidi, alionyesha kwamba maandishi kuhusu jinsia na tabianchi humchora mwanamke wa Kusini kuwa dhaifu na mwanamke wa Kaskazini kuwa mwema kwa mazingira. Picha zote mbili humwondolea mtu siasa zake. Kesi moja iliichana picha hiyo. Tarehe 9 Aprili 2024 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Uswisi ilikiuka haki za wanachama wa KlimaSeniorinnen, chama cha wanawake wazee zaidi ya 2,000, kwa kutochukua hatua za kutosha dhidi ya ongezeko la joto. Ajuza wa Uswisi walisimama mahakamani kama watu wanaohitaji usalama, katika nchi ambayo hakuna jeshi lililoitishia. Mwezi Juni bunge la nchi hiyo lilitoa tamko la kuupinga uamuzi huo. Kwa Mkenya, habari hiyo si ngeni kabisa: miaka 20 kabla yake, kamati ya Nobel mjini Oslo ilimpa Wangari Maathai tuzo ya amani kwa kazi iliyoanza mwaka 1977 kwa kupanda miti, na wako waliouliza miti ina uhusiano gani na amani.

Shamba la kahawa

Mitazamo hii mitatu hukutana katika mambo madogo. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, una vifungu kuhusu usawa wa kijinsia na mazingira. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa iingiayo soko la Ulaya ijulikane imetoka shamba lipi, kwa vipimo vya mahali. Nia ni njema. Lakini shamba hutambuliwa kupitia mwenyewe, na mashamba mengi yameandikishwa kwa jina la mume, ilhali mchumaji ni mke. Kanuni ya tabianchi isiyosomwa kwa jicho la jinsia humfanya mchumaji asionekane kwenye ramani hiyo mpya. Upande wa tatu ni bajeti. Mwezi Februari 2025 Uingereza, ambayo ilikwisha kutoka katika Umoja huo, ilitangaza kuipunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027 ili kugharimia ulinzi. Waziri wa Maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu.

Kazi ya mfasiri

Nyaraka hizi hutufikia kwa Kiswahili kupitia idhaa za Ujerumani na Uingereza na kupitia wafasiri, ambao wengi wao wametoka katika vyama kama hiki chetu. Anayeandika wimbi la wahamiaji amekwisha kuchagua upande, hata kama hakukusudia. Anayetafsiri sera ya kifeministi kuwa sera ya kuwajali wanawake ameibadili hoja ya mamlaka kuwa hoja ya huruma. Bado hatuna istilahi iliyokubalika ya kutenganisha usalama wa mtu na usalama wa dola, wala si lazima tuiharakishe. Inawezekana kwamba neno linalozikataa kutenganishwa dhana hizo mbili linasema jambo ambalo Stockholm na Berlin zilijaribu kulisema kwa miaka michache.