Kwa nini 80 iligeuka 30



Katika kazi ya fizika ya nyumbani wengi wetu tulianguka juu ya jiwe moja. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba jiwe linaanguka toka mita 80. Mmoja wetu akapiga picha ya ubao, akaituma, wengine wakaituma tena kwa wengine. Waliopata mwishoni walisoma 30. Jibu ni sekunde 4; wao walileta 2,45, wakaitwa wavivu. Basi tulitafuta kosa liko wapi.

Picha ya simu yenye nukta milioni 12 ingekula mega 36. Nani hapa Goma ana mega za kutupa namna ile? Njo maana simu inaikandamiza hata ibaki 3 ao 4, na dawa yake ilitoka katika fizika ya joto. Mwaka 1822 Joseph Fourier wa Ufaransa alitoa kitabu juu ya namna joto linavyotembea ndani ya vitu. Alionyesha kwamba joto lililotawanyika ovyo katika chuma linaweza kuhesabiwa kama mawimbi mengi yaliyojumlishwa. Ni sawa vile Ziwa Kivu: wimbi refu la mashua, na juu yake vijikunjo vya upepo. Ukitoa chuma katika mbabula, vijikunjo vya joto vinakufa mbele. Wimbi refu linakawia.

Mwaka 1974 Nasir Ahmed, mzaliwa wa Uhindi, na wenzake wawili walitangaza hesabu ya mawimbi inayofaa picha. Kanuni ya JPEG ya 1992 iliichukua. Picha inakatwa vipande vya nukta 8 kwa 8, kila kipande kinageuzwa mawimbi 64, na vijikunjo dhaifu vinaandikwa 0. Sifuri 40 zikifuatana, kuziandika ni kwa ufupi tu. Uso wa mtu hauumii sana. Lakini ukingo wa chaki umejengwa kwa vijikunjo vile vile, na simu nyingi zinakandamiza tena kila picha inapotumwa. Upande wa kushoto wa 8 yetu ulififia hapo.

Wapima matetemeko ya ardhi, watu tunaowahitaji sana sisi wa chini ya Nyiragongo, wana njia nyingine: wanaandika tofauti tu. Vipimo 1204, 1206, 1205 vinakuwa 1204, +2, −1. Hakuna kinachopotea.

Picha ya ubao, basi, itumwe kama faili, hata ikila mega. Ao tunukuu kwa kalamu: wenye daftari siku ile walipata sekunde 4.