Kuongoza Watu Mambo Yanapobadilika

Mhariri amenitaka niwaandikie wanafunzi neno juu ya kuongoza watu wakati mambo yanapobadilika. Mimi si mwalimu. Ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na kwa miaka mingi nimekuwa karani wa chama kidogo cha kuweka akiba hapa Cibitoke, Bujumbura. Basi nitasema niliyoyaona, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Hadi mwaka 2014 mji wetu ulikuwa na tarafa 13, nayo Cibitoke ilikuwa mojawapo. Mwaka huo zilipunguzwa zikawa 3 tu: Muha, Mukaza na Ntahangwa. Cibitoke ikawa zoni ndani ya Ntahangwa, pamoja na Kamenge, Kinama, Ngagara, Gihosha na Buterere. Kwenye ramani ni jambo jepesi. Mstari umefutwa, mwingine umechorwa. Lakini chama chetu kilikuwa cha wauza mboga, mafundi cherehani na waendesha baiskeli, na barua zetu zote zilikuwa na muhuri wa tarafa ya Cibitoke.

Habari ilipofika, nilinyamaza. Nilijiambia, "Ngoja kwanza nijue yote, ndipo niwaambie." Majuma matatu yakapita. Kumbe wakati mimi nangoja kujua yote, wenzangu walikuwa wamekwisha kuambiwa ya uongo njiani: kwamba karatasi zetu hazina nguvu tena, kwamba fedha zitapelekwa Ntahangwa na hazitarudi. Siku ya mkutano watu kumi na mmoja walisimama, mmoja baada ya mmoja, kuomba akiba zao. Wa mwisho alikuwa mama mmoja mzee. Nikamwambia, "Mama, fedha zipo, hakuna lililobadilika." Akanijibu, "Mwanangu, kama hakuna lililobadilika, mbona ulitukimbia majuma matatu?" Sikuwa na la kusema.

Msomaji kijana huenda akacheka hofu ile. Asicheke. Kati ya mwaka 1993 na 1996, katika mitaa hii ya kaskazini, watu waliuawa na wengine wakafukuzwa majumbani mwao kwa sababu ya kabila. Mtu aliyewahi kuondoka kwake usiku na mtoto mgongoni, akisikia kwamba mipaka inahamishwa, hafikirii muhuri. Hufikiri kufunga mzigo. Mimi nilikuwa na habari ya ofisi mkononi, nikasahau kwamba wenzangu wana habari nyingine moyoni.

Nchi yetu imeona badiliko kubwa kuliko hilo la tarafa. Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yalisema kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Mwaka 2003 serikali na wapiganaji wa CNDD-FDD walipatana, na mwisho wa mwaka 2004 sheria ikaunda jeshi jipya, ambamo watu waliokuwa wakipigana msituni walipaswa kula chungu kimoja. Angalieni walivyopatana: hawakuishia kwenye neno "umoja". Walihesabu vyeo, katika uongozi mkuu wa jeshi, 60 kwa 100 wa serikali, 40 kwa 100 wa CNDD-FDD. Askari hutaka kujua atakuwa nani kesho, chini ya nani. Mwisho wa mwaka 2007 jeshi hilo lilikwisha kupeleka askari Somalia kulinda amani. Sisemi kila jambo lilikwenda vema, lakini hapo naona hekima ambayo mimi sikuwa nayo.

Nawe kiranja wa bweni, usidhani haya ni ya wakubwa tu. Vitanda vikihamishwa, yule mdogo wa kidato cha kwanza haulizi sababu. Anauliza atalala wapi leo.

Mwaka 2025 nchi nzima ilipangwa upya: mikoa 18 ikawa 5, tarafa 119 zikawa 42. Mkoa wa Cibitoke, ule wa kaskazini-magharibi mpakani na Rwanda na Kongo, uliingizwa katika mkoa wa Bujumbura. Watu mtaani walisikia tu "Cibitoke imefutwa", wakadhani ni sisi! Safari hii sikungoja. Jioni ile ile niliwaita wanachama, nikawaeleza kwanza ni Cibitoke ipi inayotajwa. Kisha nikachukua ubao nikaandika safu mbili: ninayoyajua, na nisiyoyajua bado. Safu ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, nami niliona haya. Chini yake nikaandika kwamba Jumapili nitarudi, hata kama sina jipya.

Jumapili nilirudi nikiwa na jipya moja tu, tena dogo. Mama yule mzee alinitaka nisome tena safu ya pili, polepole. Aliposikia hadi mwisho, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa mchango wake wa juma.